Mchoraji Mmoja, Mashahidi Elfu

Mwaka 1993 mchora katuni wa Marekani, Scott Adams, aliandika anwani yake ya barua pepe ndani ya Dilbert, katuni yake ya kila siku, na kwa kitendo hicho akawafungulia wasomaji mlango. Barua pepe wakati huo ilikuwa bado kitu cha watu wachache, na wengi wa wachache hao walikuwa watu wa maofisini: wahandisi, waandishi wa programu, maofisa wa kampuni kubwa waliowekewa kompyuta mezani kwa sababu ya kazi. Hao ndio waliomwandikia. Katuni ilikuwa imeanza kuchapishwa tarehe 16 Aprili 1989, na kwa miaka yake ya mwanzo haikuwa katuni ya kazini kama dunia ilivyokuja kuifahamu. Dilbert alikuwa mhandisi mpweke anayeishi na mbwa wake, Dogbert. Vituko vingi vilitokea nyumbani, vikiwa na mavumbuzi ya ajabu na hata dinosaria waliojificha nyuma ya kochi. Barua zilizomiminika zilisema jambo moja kwa namna nyingi: tunampenda zaidi anapokuwa ofisini. Adams, ambaye mwenyewe alikuwa bado mwajiriwa wa kampuni ya simu ya Pacific Bell huko California, aliwasikiliza. Akaihamishia katuni kazini, na tangu hapo ikapaa hadi ikawa inachapwa katika magazeti yapatayo 2,000 kwenye nchi zaidi ya 60.

Tukio hilo lina funzo ambalo wanaoandika kuhusu vibonzo hulipita haraka. Tumezoea kuuchukulia mwitikio wa wasomaji kuwa kelele zinazofuata kazi ikishakamilika: mwandishi amemaliza, mchoraji ameweka kalamu chini, halafu watu wanasifu au wanalalamika. Kwa riwaya ya kale au kwa shairi la mapenzi pengine mtazamo huo unatosha. Kwa katuni inayosimulia maisha ya kazini hautoshi hata kidogo. Nadai kwamba katika aina hii ya sanaa mwitikio wa wasomaji ni sehemu ya kazi yenyewe. Ndio ushahidi unaothibitisha kuwa mkasa uliochorwa ni wa kweli, ndio unaoamua mkasa huo unamgusa nani, na ndio unaoupa nguvu ya kutenda jambo duniani. Mchoraji anayeupokea ushahidi huo anaingia katika deni, na kupanda na kushuka kwa Dilbert, katika miaka thelathini na kidogo, kunatuonyesha deni hilo likilipwa na kisha likisahauliwa.

Kwanza tuulize kwa nini ofisi, kuliko mahali pengine, ihitaji mashahidi. Nyumbani mtu akionewa, jirani husikia; sokoni akipunjwa, hupaza sauti na wapita njia wakakusanyika. Ofisini ni tofauti. Anayekuumiza ndiye anayejaza fomu ya tathmini yako ya utendaji, ndiye anayepitisha likizo yako, na jina lake ndilo utakaloliandika kwenye nafasi ya mdhamini unapotafuta kazi nyingine. Kwa hiyo kila mfanyakazi hujifunza kuishi na kauli mbili, ya kikaoni na ya koridoni. Kikaoni anaitikia dira na dhima mpya ya taasisi. Koridoni anamuuliza mwenzake kama ameielewa. Marekani ya miaka ya tisini iliongeza uzito wa hali hiyo. Wafanyakazi walikuwa wamewekwa katika vijumba vya kuta za kitambaa zisizofika darini, zao la samani ambazo Robert Propst alizibuni katika miaka ya sitini akitaka kumpa mtu uhuru wa kufanya kazi, na ambazo kampuni zilizigeuza kuwa njia ya kuwabana watu wengi katika nafasi ndogo. Kisha zikaja zama za kupunguza wafanyakazi. Mwezi Januari 1996 AT&T peke yake ilitangaza kwamba itaondoa watu wapatao 40,000. Aliyebaki alirithi kazi za watatu walioondoka, akaambiwa ashukuru, na akapewa semina ya kumtia moyo. Katika mazingira kama hayo ukweli haukosi wanaoujua; unakosa wa kuusema.

Hapo ndipo katuni ilipopata kazi yake. Barua nyingi alizopokea Adams zilikuwa na maneno yanayofanana: hiki ulichochora ndicho kilichotokea kwetu. Wasomaji walishangaa alijuaje mambo ya ofisini kwao. Wengine walimtumia visa kamili: kikao kilichoitishwa ili kujadili kwa nini kazi haziendi, wakati kazi haziendi kwa sababu ya vikao, waraka wa bosi unaokataza jambo katika aya ya kwanza na kuliamuru katika aya ya pili, mshauri mwelekezi anayelipwa fedha nyingi ili aeleze kile ambacho karani alikisema bure mwaka uliopita. Adams alikiri waziwazi kwamba barua hizo zilikuwa chemchemi ya vibonzo vyake, na kitabu chake cha mwaka 1996, The Dilbert Principle, kimejaa visa vya wasomaji vilivyochapwa bila majina yao. Hata wahusika walizaliwa kwa njia hiyo. Alipomchora paka mmoja bila kumpa jina, wasomaji walimwandikia wakimwita Catbert na kutaka arudi; akarudi, akawa mkurugenzi katili wa idara ya rasilimali watu. Jina lilitoka kwa wasomaji, cheo kikatoka kwa mchoraji. Na bosi mwenye nywele zilizosimama pande mbili hakupewa jina kamwe, kwa makusudi, ili kila msomaji aone sura ya bosi wake mwenyewe. Kiti hicho kiliachwa wazi, na msomaji ndiye aliyealikwa kuamua nani akikalie.

Sisi tunaoishi karibu na pwani tuna desturi inayotusaidia kuelewa jambo hili. Katika ukumbi wa taarab, mwimbaji huimba beti ambazo hazimtaji mtu. Ghafla mwanamke mmoja huinuka, akapita katikati ya watu na noti mkononi, akamtunza mwimbaji kwenye mstari fulani na si mwingine. Tangu hapo wimbo umebadilika. Maneno ni yaleyale, sauti ni ileile, lakini ukumbi mzima unajua kwamba mstari ule umepata mlengwa, na mlengwa naye anajua. Mtunga wimbo hakuyajua magomvi ya mtaa ule. Aliyeyaleta ndani ya wimbo ni yule aliyeinuka kutunza. Mfanyakazi aliyekata kibonzo gazetini na kukibandika kwenye kuta za kijumba chake alifanya kitendo cha jamaa hiyo. Hakuandika neno hata moja, wala hakumtaja mtu. Lakini kila aliyepita pale alielewa kwamba mkasa uliochorwa California na kuchapwa katika mamia ya miji sasa unaihusu ofisi hii, na meneja huyu, na agizo lililotolewa wiki hii.

Kama kuna anayedhani natia chumvi, aangalie kilichotokea katika jimbo la Iowa mwaka 2007. Kasino moja ilitangaza kwamba itafunga sehemu ya shughuli zake na baadhi ya wafanyakazi watapoteza ajira. Mfanyakazi mmoja aliyekuwa pale kwa miaka kadhaa akachukua kibonzo cha Dilbert kilichowafananisha watoa maamuzi wa kazini na lemuri waliolewa, akakibandika kwenye ubao wa matangazo. Hakuweka saini wala maelezo. Wakubwa wakazipekua picha za kamera za ulinzi, zile zilizofungwa ili kuwanasa wezi wa fedha, wakamwona aliyebandika, wakamfukuza kazi. Alipoomba malipo ya kukosa ajira, mwajiri alipinga, akidai kwamba mtu huyo alikuwa amefanya utovu wa nidhamu. Shauri likafika mbele ya jaji wa masuala ya kiutawala, naye akaamua kwamba huenda mfanyakazi alikosea kupima busara ya jambo lenyewe, lakini hakutenda kwa nia mbaya, na malipo yake ni haki yake. Habari ilipomfikia Adams, aliiingiza katika mkasa wa mwanzoni mwa mwaka 2008: Wally, yule mhandisi asiyependa kazi, anakamatwa kwa kosa la kubandika kibonzo.

Tukio hili linastahili kutazamwa polepole. Kibonzo kile kilikuwa kimechapwa gazetini na hakikumfukuzisha mtu kazi. Kingeweza kusomwa mezani kwa chai na meneja yuleyule akacheka. Kilichokigeuza kuwa kosa la kufukuziwa kazi ni mahali, siku na mkono uliokibandika: ubao wa matangazo, majira ya kupunguza watu, mtu aliye chini. Maana haikuwa imekaa ndani ya michoro mitatu ikisubiri kuokotwa. Ilikamilishwa na msomaji. Kisha mchoraji naye akapokea kile msomaji alichokitenda na kukirudisha ndani ya katuni, ambako wasomaji wengine walikikuta na kukifanyia kazi yao. Ukiuliza nani mtunzi wa mkasa ule wa 2008, jibu la haki ni kwamba watunzi wake ni zaidi ya mmoja, na mmoja wao alilipa kwa ajira yake.

Kuna pingamizi la kwanza, nalo ni zito. Mwaka 1997 mwandishi Norman Solomon alichapisha kitabu kizima, The Trouble with Dilbert, akidai kwamba katuni hii ni rafiki wa kampuni kubwa aliyevaa mavazi ya mpinzani. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba Dilbert humcheka meneja wa ngazi ya kati kwa upumbavu wake lakini haigusi mfumo unaompa madaraka, wala wamiliki wanaofaidika na watu kupunguzwa kazi. Alionyesha kwamba kampuni zenyewe ziliikumbatia. Xerox, kwa mfano, iliwatumia wahusika wa Dilbert katika kampeni yake ya ndani kwa wafanyakazi. Mtu akishacheka, anasema mpinzani huyu, hasira yake imepungua, anarudi mezani kwake, na kesho mambo ni yaleyale. Ukiongeza vikombe, kalenda na midoli ya Dilbert iliyouzwa kwa wingi, unaona kwamba manung'uniko ya mfanyakazi yamegeuzwa bidhaa na kuuzwa tena kwake.

Ninakubali nusu ya hoja hii bila ubishi. Kicheko hakipandishi mshahara. Hakiundi chama cha wafanyakazi, hakizuii notisi ya kuachishwa, na mtu anaweza kucheka kila asubuhi kwa miaka ishirini bila kumwuliza mwajiri swali hata moja. Lakini Solomon aliisoma katuni na mikataba yake ya biashara; kazi ya wasomaji hakuipima kwa uzito uleule. Kibonzo kilichobandikwa na idara ya rasilimali watu kwa idhini ya mkurugenzi, na kibonzo hichohicho kilichobandikwa na mtu anayesubiri kufukuzwa, ni vitendo viwili tofauti, na wakubwa wa ile kasino ya Iowa waliijua tofauti hiyo kuliko mhakiki yeyote. Zaidi ya hapo, kuna hatua inayotangulia kila madai ya haki, nayo ni kutambua kwamba jambo linalokuumiza ni la wengi. Mfanyakazi aliyetengwa katika kijumba chake huambiwa, na mara nyingi huamini, kwamba akishindwa kumaliza kazi za watu watatu tatizo ni yeye: hajui kupanga muda, hana ari, hakuielewa semina. Anapofungua gazeti na kumkuta mhandisi wa kuchorwa akibebeshwa mzigo uleule, kisha akasikia kwamba maelfu wamemwandikia mchoraji wakisema ndivyo ilivyo kwao, anapata habari ambayo mwajiri wake hangempa: kwamba chanzo ni mpangilio wa kazi. Habari hiyo haitoshi kumkomboa. Lakini bila hiyo hakuna atakayeanza.

Pingamizi la pili linatoka upande mwingine. Wapo wanaosema wasomaji ni mashahidi wasioaminika. Kila mtu anayesoma Dilbert hujiona ni Dilbert. Hakuna anayejiona ni bosi. Mameneja nao walicheka, wakiamini kwamba anayechorwa ni meneja wa idara ya jirani. Wavivu walijiona ni watu werevu wanaozuiwa na wajinga. Ikiwa kila msomaji anajitetea, ushahidi wake una thamani gani? Jibu langu ni kwamba ushahidi haupotezi thamani kwa sababu shahidi ana upande; unahitaji kupimwa. Na kupima miitikio inayopingana kuhusu mhusika mmoja hufundisha zaidi kuliko kusikiliza mwitikio mmoja unaokubaliana na wetu.

Mfano mzuri ni Wally. Baadhi ya wasomaji humwona ni mzembe mtupu, mtu anayepokea mshahara kwa kunywa kahawa. Wengine humpenda kuliko wahusika wote. Asili yake, kama Adams alivyoisimulia, ni mfanyakazi mwenzake pale Pacific Bell. Kampuni ilikuwa imepanga kutoa kiinua mgongo kizuri kwa wale wenye utendaji duni ili waondoke, na mtu huyo, aliyekuwa anataka kuondoka vilevile, alifanya hesabu na kujibidiisha kuwa mmoja wa wabovu. Ukikijua kisa hicho, kambi zote mbili za wasomaji zinakuwa na ukweli mkononi. Anayemlaani Wally anasema kwa niaba ya mwenzake aliyebeba mzigo alioutupa. Anayemtetea anatambua kwamba uvivu ule ulinunuliwa kwa fedha ya kampuni yenyewe: kanuni ilitunza ubovu, na mtu mwerevu akaisoma kanuni kama ilivyoandikwa. Mabishano ya wasomaji yamefichua kitu ambacho mchoro mmoja haungeweza kukisema wote, yaani kwamba kanuni mbovu ya ajira huwagonganisha wafanyakazi wenyewe kwa wenyewe, huku aliyeitunga akiwa hayupo kwenye ugomvi. Tungekuwa na kambi moja tu ya wasomaji, tungekosa nusu ya somo.

Pingamizi la tatu ndilo linalowagusa wasanii, na lina heshima yake. Ikiwa mwitikio wa wasomaji ni sehemu ya kazi, je, mchoraji awe mtumishi wao? Sanaa inayopigiwa kura kila wiki huishia kurudia utani uleule, kwa kuwa umati hupenda kile ulichokwisha kukipenda. Msanii anapaswa kuwa huru kwenda mahali ambapo wasomaji hawajafika, hata wakimkasirikia. Nakubaliana na hili, na historia ya Dilbert inatoa mfano wake. Mwezi Desemba 2013 Mahakama ya Juu ya India ilirudisha nguvu ya sheria ya kikoloni iliyofanya mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa la jinai. Mwezi Februari 2014 Adams alimtambulisha Asok, mhandisi kijana Mhindi aliyekuwemo katika katuni kwa miaka mingi, kuwa ni shoga, akiilenga hukumu ile. Hakuna kura ya wasomaji iliyomtuma. Wapo waliofurahi na wapo waliochukia, na haki yake ya kulichora jambo hilo haikutegemea nani walikuwa wengi. Mchoraji aliamua, na kuamua ni kazi yake.

Lakini kusikiliza na kutii ni mambo mawili, na yanapochanganywa msanii hupata kisingizio cha kuacha yote mawili. Asok alikuwa na maisha ndani ya katuni kabla ya siku ile: alidharauliwa kwa ujana wake, alifanyishwa kazi za wengine, wasomaji walimjua kama wanavyomjua mwenzao wa kazini. Jambo jipya lilimfika mtu aliyekwisha kuwa mtu. Mwezi Mei 2022 Adams alimleta mhusika mwingine, Dave, mhandisi Mweusi wa kwanza mwenye nafasi katika katuni iliyokuwa na umri wa miaka thelathini na mitatu, na alichopewa kusema alipoingia ni kwamba anajitambulisha kuwa Mweupe, ili kuvuruga hesabu za bosi anayetaka kuonyesha kwamba ofisi ina watu wa asili mbalimbali. Watetezi walisema anayechekwa ni bosi na takwimu zake. Wengi walioumia waliona jambo jingine: kwa miaka yote hiyo mfanyakazi Mweusi hakuonekana ofisini kwa Dilbert, na alipofika alifika kama kifaa cha hoja ya mchoraji. Sidhani malalamiko yao yalikuwa wivu wa umati unaotaka utani wa zamani. Ulikuwa ushahidi wa watu wanaozijua ofisi za Marekani kwa upande ambao Adams hakuwahi kuuchora, na ungeweza kumpa visa vya miaka mingine kumi kama angeupokea jinsi alivyopokea barua za 1993. Mwaka huohuo kundi la magazeti la Lee Enterprises liliiondoa Dilbert katika magazeti yake 77. Kwa kuwa kundi hilo lilikuwa likipanga upya kurasa zake za vibonzo, si haki kudai kwamba mkasa wa Dave ndio pekee uliosababisha.

Pigo kubwa lilikuja Februari 2023, na halikutoka ndani ya mchoro wowote. Katika kipindi chake cha mtandaoni, akizungumzia matokeo ya kura moja ya maoni, Adams aliwaita Wamarekani Weusi kundi la chuki na kuwashauri Weupe wakae mbali nao. Baadaye alidai kwamba alitia chumvi kwa makusudi na kwamba maneno yake yalinukuliwa bila muktadha. Katika siku chache mamia ya magazeti yaliiacha katuni yake, yakiwemo The Washington Post, Los Angeles Times na magazeti ya mtandao wa USA Today, na kampuni iliyoisambaza, Andrews McMeel Universal, ikakata uhusiano naye. Adams akaendelea kuichora kwa wasomaji wanaolipia mtandaoni. Waliomtetea walisema mchoro na mchoraji ni vitu viwili, na kwamba kibonzo cha kikao kisicho na maana kinabaki kuchekesha hata kama aliyekichora amesema jambo baya. Kwa sanaa nyingine hoja hiyo inaweza kujadiliwa kwa muda mrefu. Kwa katuni ya kazini inagonga mwamba, kwa sababu ile niliyokwisha kuieleza: nguvu yake ilitoka kwa wafanyakazi waliokubali kushuhudia pamoja. Kibonzo kinapobandikwa ukutani, humwambia mwenzako anayepita kwamba wewe na yeye mko katika hali moja. Sasa mwenzako huyo akiwa Mweusi, na mchoraji akiwa amewaambia watu kama wewe wamkimbie, kibonzo kinamwambia nini? Aliyekivua ukutani hakuhitaji mhariri wa kumwamuru. Alikuwa anatimiza heshima ileile iliyomfanya akibandike.

Ndiyo maana siwaoni wasomaji walioiacha Dilbert kuwa wapya au wagumu kuliko wale wa 1993. Walifanya kazi moja kwa nyakati mbili. Mara ya kwanza walimwambia mchoraji ukweli wao uko wapi, naye akaufuata akapata utajiri na jina. Mara ya pili walimwambia ukweli wao haupo tena hapo, naye hakuufuata. Wanaolalamika kwamba wasomaji wa leo wamezidi kuingilia kazi za wasanii husahau kwamba bila kuingilia huko Dilbert angebaki nyumbani na dinosaria wake nyuma ya kochi, na huenda leo tusingekuwa na cha kujadili.

Kutokana na haya yote nina jambo la kuwaomba wanaochora, wanaohariri na wanaosoma. Mchoraji wa maisha ya kazi, awe wa gazeti au wa simu ya mkononi, asihesabu barua za wasomaji kama kura za kupenda na kuchukia. Azisome kama maelezo ya mashahidi, akitafuta ndani yake chumba ambacho bado hajaingia. Mhariri anayepokea malalamiko kuhusu mkasa fulani asiishie kuuliza wangapi wamekasirika. Aulize waliokasirika wanajua nini ambacho ukurasa wake haujakionyesha. Na msomaji, ambaye leo pengine hana ubao wa matangazo bali ana kundi la WhatsApp la wafanyakazi ambamo bosi hayumo, atambue kwamba anapotuma kibonzo pale anatoa kauli, na kauli hiyo ina walengwa na gharama. Ajiulize inamwangukia nani: mwenye madaraka aliyetoa agizo bovu, au mfagizi, mlinzi, mgeni na mwenzake dhaifu ambaye hana pa kujibia. Kicheko kinachompanda aliye juu na kicheko kinachomkanyaga aliye chini vinaweza kutoka katika mchoro mmoja, na anayechagua kati yavyo ni yule anayeubandika. Wasomaji wamekuwa na uwezo huo tangu katuni ya kwanza ilipokatwa gazetini. Kinachotakiwa ni waukubali kama wajibu, na sisi tunaoandika kuhusu sanaa hii tuache kuuita kelele.